Kwa Baba, Daktari wa Meno Aliyekaa Ikulu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Redio ilitangaza msiba wako hata hatujamaliza kukufunika shuka. Majirani walijua kabla ya ndugu zako. Ndivyo tulivyozoea kukupata: wengine kwanza, sisi baadaye. Leo tunasema nawe wenyewe, bila itifaki.

Kabla hujaitwa Mheshimiwa, uliitwa Daktari. Kliniki yako ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali ya wilaya, na kile kiti cha wagonjwa kisichoinuka mpaka kipigwe teke. Mgonjwa mwoga ulimwimbia. Sauti yako ilikuwa mbaya hivi kwamba mtu alisahau jino, akaanza kuhurumia masikio. Sisi wanao hatukuweza kukudanganya. Ulisema tu, "Hebu aaah," ukamjua aliyelamba sukari.

Kisha dawa ya ganzi ikaadimika. Watu wazima walilia mikononi mwako kama watoto, nawe ukarudi nyumbani hutaki kula. Siku waziri alipokuja kukagua, wakubwa wako walimwambia mambo ni shwari. Ukakisogeza kile kiti mbele yake.

"Mheshimiwa, karibu ukae. Nikung'oe moja kavukavu, halafu wewe mwenyewe utuambie kama ni shwari."

Wauguzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Waziri hakucheka. Haukupita muda ukahamishiwa mpakani, ukakataa, ukaacha kazi, ukagombea ubunge. Wapiga kura wengi uliwajua kwa magego yao kuliko kwa sura. Mikutanoni walipaza sauti, "Ng'oa! Ng'oa!" wakimaanisha vigogo waliooza. Kelele hizo zilikubeba mpaka urais.

Ganzi ilifika katika kila hospitali nchini. Hilo hata wabaya wako hawakubishi.

Lakini nyumba ile kubwa ilikumeza, Baba. Meza ya chakula ilikuwa ndefu, wewe upande huu, Mama upande ule. "Mzee," Mama alikuuliza siku moja, "nikitaka chumvi nipande basi?" Ulicheka sana. Ila hukuhamisha kiti. Sisi tulikuona kwa miadi, kupitia kwa katibu wako, na mara nyingi miadi ilisogezwa mbele. Baba Mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, fundi viatu, alikuja kukusalimia akazuiwa getini. Akarudi tena, akazuiwa tena. Basi akakaa kwake. Hukuambiwa, na hukuuliza mbona haji.

Mwishoni mwa muhula kelele zilikugeukia. Bei zilikuwa zimepanda, na mawaziri wawili walikuwa wametia mikono kwenye mfuko wa umma, nawe ukachelewa kuwatimua. Tunalisema kwa kuwa ulilisema mwenyewe. Vijana walipita nje ya ukuta wakiimba, "Ng'oa! Ng'oa!" Ulisikiliza kidogo, ukainuka, ukafunga dirisha kwa mkono wako.

Mchana wa matokeo ya uchaguzi, Mama na mimi, bintiyo mkubwa, tulikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Waziri wako wa ulinzi alikuwa amesimama karibu nawe. "Toa neno moja tu, Mheshimiwa. Kura zihesabiwe upya, na safari hii tutahesabu sisi."

Mama akanishika mkono. Tulijua neno hilo lingemwaga damu mitaani.

"Nimeng'oa meno maisha yangu yote," ukasema. "Lililokwishalegea sijawahi kuliona likirudishwa kwa gundi. Niletee simu."

Ukampigia mpinzani wako. "Hongera, ndugu yangu. Hicho kiti kinaumiza mgongo. Njoo na mto." Ulipokata simu chumba kilikuwa kitupu. Waziri alikuwa ameshaondoka, wala hakuaga.

Tukarudi nyumbani kwetu. Simu ikanyamaza. Waliokuwa wakigombania kukushikia mwavuli wakawa wanavuka barabara wakikuona. Ukaenda kibandani kwa Baba Mdogo bila mlinzi. Hakuinua kichwa. "Kaa hapo. Kuna foleni," akasema. Ukakaa kwenye benchi pamoja na wateja, zamu yako ikafika, naye akakuuliza kiatu kina nini. Ukasema hakina kitu. "Basi una nini wewe?" Mlikaa hivyo, yeye akishona, wewe ukitazama, na kuanzia hapo ukawa unakwenda. Hakukufukuza. Hakukukumbatia pia.

Ukafungua kliniki katika chumba cha uani. Kila asubuhi ulivaa koti jeupe, ukapanga vifaa, ukakaa. Watu hawakuja. Wengine waliona haya kumpanulia mdomo mtu aliyekuwa rais. Wengine waliogopa serikali mpya itawaona. Tuliporudi kutoka kazini tulikukuta umepanga vifaa upya, safi, havijaguswa. "Leo kumetulia," ulituambia, kana kwamba jana palikuwa na watu.

Halafu akaja yule mama mshona nguo, shavu limevimba. Akasimama mlangoni. "Nikwambie ukweli kabisa, mzee. Mimi kura sikukupa. Ila jino linaniua."

Uliangua kicheko mpaka Mama akatoka jikoni mbio akidhani umeanguka. Ukamtibu, ukamwimbia na wimbo juu, naye akakuomba kwa ishara ya mkono unyamaze. Wiki nzima mezani hukuwa na habari nyingine. Hatukuwahi kukuona na furaha kama ile siku zote za Ikulu. Hakuja mwingine baada yake. Koti uliendelea kulivaa, mpaka moyo ukagoma.

Walikuzika kwa mizinga na bendera. Waliokuwa wakivuka barabara walikaa mstari wa mbele, wakalia vizuri sana mbele ya kamera. Mwaka huu hawajaonekana. Juzi tulikuja kwako, kule makaburi ya viongozi, na askari wa zamu akatusimamisha kwa heshima. "Samahani, wazee wangu. Ninyi ni akina nani kwake?"

Mama akamtazama yule kijana, akajifunga kanga vizuri. "Sisi ndio tuliobaki, mwanangu," akasema. Askari akatufungulia lango.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakugombeza kimoyomoyo. Na sisi wanao, mkubwa wa kike na pacha wawili wa kiume. Na wakwe zako. Na wajukuu, ambao wanakufahamu kwa picha ya ukutani na wanauliza mbona Babu hacheki. Na mdogo wako, fundi viatu, aliyetuomba tuandike tu kwamba benchi la kibandani limekuwa pana.

Hatujakusahau, Baba, na hatutakusahau.