Bomba Lilioza, Bati Liking'aa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, mtoto yuko mgongoni ndiyo kwanza kasinzia. Mume wangu, Sangwook, alikuwa fundi wa kuvalisha mabomba kwenye kiwanda cha kemikali hapa Yeosu, yaani kuyazungushia sufi ya kutunza joto kisha bati juu yake, na sifa yake ilikuwa kuziba kila mwanya kwa gundi, hata wenzake wakawa wanamtania, "Baba Gaeun, hilo bomba au bibi harusi?", kumbe kuna bomba la mvuke ambalo maji ya mvua yaliingia kwa juu, na gundi yake ya chini ikayanyima pa kutokea, chuma kikaliwa na kutu humo ndani huku bati linametameta na wakubwa wakiridhika nalo bila kulivua, mpaka bomba likapasuka yeye akiwa kando yake. Mvuke haukumwacha hai.

Sasa kiwanda kinataka kuwafundisha mafundi wa viwanda vyote vya hapa kwa kipande cha bomba lile, na mwenzake Byeon ameniomba ruhusa wamtaje jina, anasema, "Shemeji, habari za bomba watu husinzia, habari za mtu husikia." Mama mkwe hataki kabisa. "Mama Gaeun, mwanangu alikuwa msafi wa kazi. Leo umfanye mfano wa uzembe?" Nami nikimwandalia marehemu wali mbele ya picha yake nashindwa kumtazama. Nikubali, au nimwache apumzike?

Mama Gaeun

Mama Gaeun, pole sana, mdogo wangu. Lakini mbona mnalilia neno ambalo kiwandani hakuna aliyelitamka? Mzembe angeacha mwanya wazi na maji yangetoka. Kilichomponza mumeo ni unadhifu, unadhifu uleule ambao mafundi wote wa hapo husifiana. Somo hilo haliwezi kufundishwa kwa jina la mvivu. Kwa hiyo inua uso umtazame mumeo. Yeye si mshitakiwa wako.

Ila ruhusa usiitoe hivihivi. Mwambie Byeon: jina litajwe, na itajwe pia kwamba wakubwa walitaka bati ling'ae, wala hawakuagiza hata siku moja livuliwe lichunguzwe chini yake. Wakikataa la pili, nawe kataa la kwanza.

Wakikubali, nenda na mama mkwe, mkae mbele. Akinuna, anune hukohuko. Awatazame usoni wale vijana waliokuja kusikiliza. Kila mmoja wao ana mama nyumbani.