Kanga Yenye Harufu ya Dagaa

Shikamoo Mama,

Ile kanga uliyonibebea mgongoni nilipokuwa mchanga, ukaniazima nije nayo, nimeifua leo, nikaitandaza mchangani hapa Kibirizi ikauke. Mama mmoja wa dagaa akapita, akamwaga beseni zima juu yake.

"Pole mwanangu, nilijua umetuandalia pa kuanika," akasema, akicheka.

Nikaisuuza ziwani, harufu haikutoka. Basi nikamfunga mjukuu wako Zawadi mgongoni hivyohivyo, maana tangu tufike kwa kina baba yake alikuwa hataki kabisa kulala mchana. Nikatembea naye taratibu majini, ziwa limetulia kama mafuta, milima ya Kongo inaelea kwenye ukungu. Mara nikasikia pumzi zake shingoni, nzito, za usingizi.

Mungu akupe usingizi kama huo. Nikiirudisha kanga, Mama, usiifue.

Mwanao, Asha