Sauti ya Mdogo Wangu Imo Kwenye Albamu, Jina Lake Halimo

Shangazi mpendwa, sijui hata nianzie wapi, ila najua nisipoandika leo kichwa kitanipasuka, kwa hiyo nivumilie, maana mimi ni mtu wa kupiga gitaa, si wa kupanga maneno, na kila nikijaribu kumweleza mtu ana kwa ana naishia kusema "basi tu, tutaongea," halafu hatuongei.

Mchana mimi ni fundi wa friji, na jioni ni mpiga gitaa na mtunzi wa bendi ya metali, ile metali yenye melodi, magitaa mbio mbio, kinanda nyuma kinajaa kama kwaya, ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa, na juu ya hayo yote mwimbaji anapanda, anapanda, mpaka unaogopea vioo vya madirisha. Najua wasomaji wako wengi watacheka, hata mama yangu mzazi anauita muziki wa watu waliobanwa vidole na mlango, lakini sisi tuna watu wetu, na tukipiga utawaona watu wazima na vitambi vyao wanalia machozi. Bendi hii niliianzisha ujanani na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tunamwita Tarumbeta kwa ajili ya sauti yake, na albamu yetu ya kwanza ndiyo iliyotupa jina. Halafu akapata kazi ya mbali, akaoa, akasema muziki ni mambo ya watoto, akaenda zake, tukabaki mayatima. Aliyetuokoa ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, fundi cherehani, aliyekuwa anakuja mazoezini kutuletea chai na alikuwa anazijua nyimbo zote kwa moyo, nikamwambia shika maiki mpaka tupate mtu, akashika, na akashika miaka na miaka, akaimba albamu mbili na sijui kumbi ngapi, na yale maneno, "mpaka tupate mtu," Shangazi, sikuwahi kuyafuta.

Basi Tarumbeta akapiga simu. Ndoa imevunjika, kazi imeisha, amerudi, anataka kuimba. Nilifurahi mpaka nikakaa chini pale pale karakana, sikumuuliza mtu, nikamwambia njoo, nafasi yako ipo. Kisha nikaenda kumwambia mdogo wangu dukani kwake, nikamkuta anapinda gauni la mteja, ana pini mdomoni, na nadhani niliichagua saa hiyo kwa sababu ya zile pini, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kukujibu. Nikasema yote kwa mpigo mmoja. Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kile kimto chake, akasema, "Sawa, kaka. Bendi ni yako." Akarudi kwenye gauni.

Sasa sikiliza kosa langu lilipo. Sisi tuna kawaida ya kurekodi vyombo kwanza, sauti mwisho kabisa, na ili mwimbaji ajifunze nyimbo mpya, mtu huimba sauti ya kuelekeza, ya muda tu, mwenyewe anaisikiliza kwenye hedfoni, akishaimba yake ile ya muda inafutwa. Tarumbeta alikuwa bado hajafika, anamalizia mambo yake huko, mimi nikakaa na albamu ya kwanza, nikaisikiliza sauti yake ya ujana, nikapanga nyimbo zote juu kule kule alikokuwa anafika zamani. Sikumpigia hata simu nikamwambia hebu imba kidogo nikusikie. Na sauti ya kuelekeza nikamwomba nani? Mdogo wangu. Akakubali! Alisimama kwenye kile chumba cha maiki, akaimba wimbo baada ya wimbo, halafu akaniuliza, "Kaka, una uhakika anafika huku?" Nikamjibu kwa kebehi, "Nani, Tarumbeta? Anafika na chenji inabaki."

Hakufika. Shangazi, ile sauti haipo. Iliyopo ni nzuri, ya chini, ya mtu aliyeona mambo, lakini juu hakuna kitu, akipanda inakatika kama kamba mbovu. Siku ya kwanza akacheka, akanywa maji ya moto, akalaumu vumbi, akalaumu maiki. Baadaye hakuna aliyecheka tena. Kuzishusha nyimbo kulikuwa na maana ya kurekodi magitaa, kinanda na ngoma upya, lakini nisikudanganye, hiyo siyo sababu, sababu ni kwamba ningelazimika kumwambia usoni kwamba hawezi, na sikuweza. Nikamwambia fundi mitambo wa studio, kule juu acha sauti ya mdogo wangu, ichanganye na ya huyu, watu wasijue. Akanitazama, akasema, "Na dada mwenyewe anajua?" Nikasema anajua. Alikuwa hajui.

Albamu imetoka, watu wamepagawa. "Sauti imerudi!" ndiyo wanayoandika kila mahali, na kuna mmoja aliandika, "Sasa ndiyo bendi, yule dada alikuwa anajaribu tu," na sehemu anayoisifu, ile ya kiitikio cha wimbo wa tatu, inayopanda mara ya mwisho na kubaki hewani, pale Tarumbeta hayumo hata kidogo, ni yeye yule dada peke yake. Kwenye jalada tumewataja wote, hata aliyechora lile joka la mbele katajwa, mdogo wangu hatukumtaja. Mama aliisikia nyumbani anakunja nguo, akasimamisha mikono, akasema, "Huyu mbona ni mwanangu?" Nikamwambia masikio yako hayo, mama. Akaniangalia, akaendelea kukunja.

Sasa onyesho la kuizindua albamu limekaribia, matangazo yako ukutani, na juzi Tarumbeta kaja karakana, akakaa juu ya kreti, akaongea huku anaangalia sakafu, "Mwambie mdogo wako aje asimame nyuma ya pazia, zile sehemu za juu tu, mimi nitafungua mdomo." Halafu akalia, mwanamume mzima, akasema, "Bila hii sina kitu, ndugu yangu. Nyumbani hakuna mtu. Sina kitu." Wenzetu wa ngoma na kinanda wanasema nimwombe tu, ni damu yako, hatakataa. Na jana yake mdogo wangu alinitumia ujumbe wa neno moja, "Nimeisikia." Basi. Hakuongeza kitu, hajapokea simu, hata kwa mama akijua nipo haji.

Sili, silali, juzi nimeunga nyaya za friji ya watu kinyume nusura niiunguze, na gitaa nikilishika vidole havitaki. Nikimwomba nimempoteza, nisipomwomba rafiki yangu ataumbuka mbele ya watu na bendi ndiyo imekufa. Nionee huruma, Shangazi, niandikie maneno ya kumwambia, maana mimi yangu yameisha.

Mpiga gitaa aliyekwama

*

Mwanangu mpiga gitaa,

Nimekuonea huruma. Haya, ya huruma yamekwisha, sasa tuongee.

Umeniandikia kurasa nzima na mwisho unaniomba nikutungie maneno ya kumbembeleza mdogo wako ajifiche nyuma ya pazia. Ebo! Sina maneno hayo, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Umemtoa mbele bila kumuuliza, ukamtumia kumfundisha aliyechukua nafasi yake, ukachukua sauti yake ukampa mwenzako, jina lake ukaliacha nje, mama yake alipomtambua ukamkana mbele ya mama yake. Bado unataka akufanyie na hisani. Hivi wewe, ukimfikiria huyo binti, unamwona mtu au unaona spika?

Usiniletee "Nikimwomba nimempoteza." Mwanangu, umeshampoteza. Lile neno moja alilokutumia ndilo hilo. Mtu anayetaka ugomvi huandika mengi.

Na huyo Tarumbeta wako, mnamtesa. Ndiyo, mnamtesa, wala usishangae. Kaja amevunjika, anatafuta mahali pa kukaa, nyinyi mkamvalisha koti la kijana aliyekuwa yeye zamani, kijana aliyekwisha kuondoka duniani muda mrefu, kisha kila mtu anampigia makofi kwa ajili ya koti. Umesema mwenyewe, sauti aliyo nayo ni nzuri, ya mtu aliyeona mambo. Kuna mtu alimtungia wimbo wa sauti hiyo? Hata mmoja? Wewe mtunzi ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa na albamu ya zamani unausikiliza ujana wako. Hukumrudisha rafiki, ulikuwa unajirudisha wewe.

Sasa fanya hivi, na usiongeze chumvi yako.

Anza na Tarumbeta, leo. Mwambie usoni kile ulichoshindwa kumwambia studio, kwamba kule juu hafiki tena na kwamba hakuna mtu atakayesimama nyuma ya pazia. Atalia, kaa naye. Atakasirika, kaa naye vile vile. Anajua kuliko wewe, koo ni lake. Ukishamaliza, chukueni nyimbo mzishushe mpaka pale sauti yake inapokaa, mpige hivyo hivyo mbele za watu. Watakaotoka, watoke. Na kama hamtakuwa tayari, ahirisheni, bandikeni tangazo jingine juu ya hilo. Ukuta hauna kinyongo.

Kisha mwite fundi mitambo umwambie ulimdanganya. Mwambie aandae albamu upya kwa namna mbili, moja jina la mdogo wako likiwa mbele pamoja na la mwenzake, nyingine sauti yake ikiwa imetolewa kabisa. Usichague wewe. Umeshachagua sana. Atakayechagua ni mwenye sauti, na akisema itolewe, itatolewa, hata kama albamu yako itabaki na mashimo ya kupitisha ng'ombe. Na hao wanaoandika sauti imerudi, waandikie wewe mwenyewe, kwa jina lako, wajue waliyekuwa wanamsifu ni nani. Bendi inaweza kufa kwa hilo. Sikufichi, naona itakufa. Utaililia, lakini usimtume mdogo wako akaiokoe tena.

Kwa mama yako nenda ukamwambie masikio yake ni mazima.

Halafu nenda kwa mdogo wako. Peke yako, bila wale wa "ni damu yako", bila mama wa kukusindikiza. Usimwendee dukani akiwa na mteja, unajua kwa nini nasema hivyo. Usianze na hali ya Tarumbeta, usianze na kwamba huli, hulali, kwani hayo ni ya kumfanya akuhurumie wewe. Maneno uliyoyataka ni mafupi sana, mwanangu, mpaka ninaona aibu kuyaandika: "Nilichukua sauti yako bila kukuuliza. Nilimdanganya fundi, nikamdanganya mama. Uamuzi ni wako." Basi. Usiseme bendi iliamua, wala usimuulize kama atarudi kuimba na nyinyi. Usiseme "lakini". Ukimaliza, funga mdomo, na safari hii yeye ndiye aongee, hata akikaa kimya mpaka chai ipoe.

Huenda asikusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukaniandikia kwamba ulifanya yote na haikusaidia. Wapo ndugu wanaokaa mji mmoja wanapishana njiani na hawasalimiani mpaka kaburini, na kila mmoja wao aliwahi kusema "tutaongea".

Na ukifika kwake ukamsikia anaimba ndani, usibishe hodi. Simama hapo nje mpaka amalize.

Shangazi