Nimeshuka

Jumatatu, 5 Julai 1993
Pikapu imefika! Imeundwa Dar na kampuni mpya ya ubia — serikali na wageni. Mimi, fundi wa Sumbawanga, ndiye wa kuijaribu. Fomu ina maswali kumi. La mwisho: umeshuka nayo mteremko mkali ikiwa na mzigo? Keshokutwa nashuka bondeni, hadi Milepa.

Jumatano, 7 Julai
Sikufika Milepa. Kona ya kwanza tu, magunia ya mahindi yamejaa nyuma — pedali ya breki ikazama hadi chini! Nikaikwaruza pikapu kwenye ukuta wa udongo ndipo ikasimama. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe. Nikageuza, nikarudi mjini polepole.

Ijumaa, 9 Julai
Meneja wa ubia kapiga simu. Anataka fomu leo, pikapu zinasubiri kuuzwa. Nikimfaa, nitakuwa mkuu wa gereji yao hapa.
Nimetoa hewa kwenye breki, nikazunguka uwanja wa ndege. Zinashika safi. Tambarare, lakini.
Swali la kumi nikajibu neno moja: Nimeshuka. Si uongo! Nilishuka kweli — kwenye gari. Nikacheka peke yangu. Jioni mke wangu Redempta akauliza ugali wa ulezi una kosa gani leo, mbona siugusi.

Jumamosi, 11 Septemba
Sasa naitwa bosi. Bundala, mfugaji wa Milepa, kauza ng'ombe kanunua pikapu. Anasema magari hayajui, ila ameonyeshwa fomu yangu. Nikamwambia tupitie breki kwanza. Akacheka: fundi, si ulishuka nayo wewe?
Nikasema ndiyo. Ndiyo! Ulimi hauna mfupa. Najichukia.

Jumatatu, 13 Septemba
Nimeomba lifti hadi Milepa, nimwambie njiani. Saa nzima nimeongelea mvua.
Tumesimama juu ya mteremko, Bundala anaongeza maji kwenye rejeta. Naandika nimesimama. Jiwe langu lile pale. Nyuma kuna magunia ya saruji, na juu yake watoto wanne. Mkewe, Kabula, kanisogezea nafasi mbele: panda, shemeji, twende nyumbani.
Bundala anatania, anayeogopa mteremko ashuke hapa hapa. Watoto wanacheka. Hakuna anayeshuka. Aliye chini ni mimi peke yangu, na Bundala ameshawasha —