Hodi Kwenye Mahame

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Gwaride. Kucha, meno, makopo ya maji. Kila mtoto kaja na kopo la kumwagilia miche ya ngitili yetu, yale mahame nyuma ya shule tulikozuia mifugo na mashoka ili miti iote tena. Darasa la tano wamefika kwenye ua wa minyaa wakagoma. Ndani kuna mzee anakohoa, wanasema. Nimewakemea. Mwalimu mkuu mzima nisikilize habari za kikohozi.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimekisikia mwenyewe, mchana kweupe. Kikavu, cha mtu aliyekaa. Nimezunguka kote. Hakuna mtu. Naogopa.

Mwenyekiti wa kijiji amepita ofisini. Anataka ngitili ikatwe Jumanne, iwe kuni za tanuru la matofali ya darasa jipya. Nimemwambia tujenge kwa tofali mbichi. Kacheka.

Jumamosi, 8 Septemba
Kwa Mama Kulwa. Mahame yale ndiyo yalikuwa mji wake kabla ya watu kuhamishiwa kijijini. Mumewe alikataa kutoka. Paa likachomwa. Aliyelichoma ni huyu huyu mwenyekiti, wakati huo mgambo. Mzee akafa kwa kifua kabla ya mvua.

Nimempa shikamoo, nikaeleza. Aliendelea kuchambua pamba.

"Mwalimu, umepeleka watoto kwa mtu bila kubisha hodi."

Nimeona aibu. Miche naijua, samadi naijua. Hili halikunijia kabisa.

Jumanne, 11 Septemba
Wamekuja na mashoka, mwenyekiti mbele. Nilikuwa nimewapanga watoto kwenye ua, Mama Kulwa kati yao. Tukabisha hodi sote, tukangoja. Ndani kukakoholewa. Wote tumesikia.

Mama Kulwa akamgeukia mwenyekiti. "Bisha na wewe. Nyumba unaijua."

Hodi ikamshinda mwenyekiti. Wenye mashoka wakaanza kurudi, naye akawafuata. Nimefurahi. Kisha nikamwonea huruma, na hilo limeniudhi.

Ijumaa, 21 Septemba
Nimehamishwa. Nakwenda shule ya Buseresere. Mwenyekiti hakulaza damu. Silali vizuri. Nikiondoka tu, watakata.

Jumatatu, 24 Septemba
Nimefunga virago. Lori bado. Nimetoka nje mapema, hakuna aliyepiga kengele. Darasa la tano walikuwa wameshafika kwenye minyaa na makopo yao. Hakuna mwalimu. Wakabisha hodi, wakangoja, wakaingia mmoja mmoja. Sikuwaita. Nimesimama nikisikiliza maji yakimwagwa.