Tumbo Juu ya Geti la Mwishehe

Tumbi, Kibaha

Dada yangu Mwamini,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta hapo Msimbu ukiwa mzima, na lile bega limeacha kukusumbua. Shemeji mwambie mihogo yake ilifika na tumeila yote. Sisi huku hatujambo. Mwanao Nuria anasoma ualimu wake wa hesabu vizuri, anakula vizuri, ila kubishana na mjomba wake ndiyo kazi aliyoizidisha. Simu nimeikwepa makusudi, maana ungenikatiza.

Dada, unaikumbuka arobaini ya mama. Mimi, mwanawe wa kiume pekee, nimesimama nitoe shukrani za familia, kipaza sauti kimo mkononi, na Mwishehe akaninyang'anya mbele ya Msimbu nzima. Eti kwa kuwa alikuwa karani wa serikali! Akasema apewe mtu aliyesoma, huyu wa darasa la sita atatuaibisha kwa wageni. Wewe ulilia jikoni, ukaniambia nimwachie Mungu. Nikakuitikia kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeshawasha mashine ya kuchomelea.

Basi mwone Mungu alivyo. Mwishehe kamaliza nyumba yake ya Sofu, kaja mwenyewe karakanani kwangu, kasahau kila kitu. Ananiita fundi wangu! Akataka geti lenye urembo wa chuma juu, ule ambao watu na magari hupita chini yake, na liwe na umbo ambalo Kibaha nzima hakuna. Nikamwambia amefika. Nikamsimulia nilivyounga daraja kule Rufiji nimefumba macho, mamba ameng'ang'ania goti langu la kushoto, ndiyo maana mpaka leo halinyooki. Wewe unaijua habari ya ile baiskeli iliyoniangusha. Yeye haijui, usimwambie.

Nia yangu ilikuwa nimchore yeye mwenyewe, tumbo na yote, nimweke juu ya geti lake, halafu siku ya kuzindua nyumba niwatajie wageni wake ni nani yule.

Nuria ana programu ya hesabu kwenye kompyuta. Unaiandikia kanuni, yenyewe inachora. Na kanuni si lazima iwe moja. Unaiambia kuanzia hapa mpaka hapa nyooka, kuanzia pale panda kama kilima, mbele tena shuka. Wenyewe wanaiita kanuni ya vipande. Nikasema kuunga vipande ndiyo kazi yangu tangu hajazaliwa. Akasita, akasema mzee Mwishehe ni mtu mzima. Nikamuuliza kwani bibi yake, aliyevurugiwa arobaini, alikuwa mtoto? Akawasha kompyuta.

Tulianza kumchora amesimama, tukakwama. Nuria akanieleza kwamba kila ukisogea kulia kanuni inaruhusiwa kimo kimoja tu, na uso wa mtu aliyesimama, pua ikishajitokeza mbele ya mdomo, mahali pamoja panadai vimo viwili vitatu. Nikamwambia basi mlaze chali. Dada, hilo nimeligundua mimi, walimu wake hawana habari. Mtu akilala chali kila kitu kinatazama juu: vidole, goti, tumbo, kidevu, pua, kofia. Tukabishana tena kwenye nyayo, ambapo mstari unaruka ghafla toka chini hadi vidoleni. Yeye alitaka paachwe wazi, akasema pale hakuna mstari, ni kompyuta tu hujiungia vipande isipokatazwa. Nikamkatalia. Chuma hakielei hewani. Pale nikasimamisha nondo.

Ili ajaribu kupima, nililala mimi kwanza kwenye benchi ninalopumzikia mchana, yeye akachukua vimo kwa rula. Kisha akaipima picha ya Mwishehe iliyopigwa siku ya arobaini, amelala mkekani baada ya pilau. Michoro ikawa miwili kwenye kioo. Nikanyooshea kidole tumbo kubwa, nikasema huyo ndiye. Nuria akafungua mdomo. Nikamwambia asinifundishe tumbo la adui yangu. Akaufunga, akanichapia karatasi, nami nikakata, nikapinda, nikachomelea. Niliona goti moja limeinuka kidogo. Nikadhani ni mkunjo wa mkeka.

Siku ya uzinduzi Mwishehe yumo ndani ya kanzu mpya, anawaonyesha wageni urembo wake, anasema hivyo ni vilima vya kwao Kisarawe. Kisha, dada yangu, akanipa kipaza sauti nieleze kazi yangu. Kwa mkono uleule! Nikavuta pumzi. Kabla sijatamka neno, mama Maulida, yule muuza chapati wa mbele ya karakana, akapayuka: "Jamani, si Fundi Maneno huyo, amelala kwenye benchi lake! Goti si lile pale!"

Nikatazama juu. Goti langu. Kofia yangu. Na tumbo, dada, nakiri kwako peke yako, ni langu.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwishehe alicheka kuliko wote, huku amenyoosha mkono nimrudishie kipaza sauti.

Sikumpa. Nikasema kweli ni mimi, na nimejilaza pale makusudi, ili kila aingiaye hapa, mwenye nyumba akiwa wa kwanza, apite chini ya tumbo la mtu wa darasa la sita. Kicheko kikahama, cha Mwishehe kikakauka. Na kwa kuwa kipaza sauti nilikuwa nacho bado, nikatoa shukrani za mama, zote, toka waliochimba kaburi mpaka waliokuna nazi, mbele ya wageni ambao hata hawakumjua. Kila akinisogelea nilimgeuzia mgongo nikaendelea. Nilimaliza nilipotaka mimi.

Mwishehe alitaka kuling'oa tumbo lile, mkewe akakataa, maana wapita njia wanasimama kupiga picha. Jana nimepita Sofu nikamkuta anatoka. Yumo ndani ya gari, paa liko juu yake, na bado, dada, aliinamisha kichwa.

Nuria anakuamkia. Nimemwamuru aufute ule mchoro mwingine, tumbo dogo kiasi kile halina sababu ya kutunzwa. Nisalimie wote hapo, na ukipita kaburini kwa mama, mwambie nimeshasema.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Maneno