Pole na Sili

Jeska, uko wapi? Nyangi wetu yuko gereji hapa Bweri!

Alikuwa anaenda Butiama, kikao cha ndugu cha kugawana shamba la marehemu baba yao. Mara gari likawa linavuma tu haliendi, oili nyekundu ya gia boksi inamwagika.

Fundi Silasi katoa sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, kaigeuzageuza. "Mama, hii haijachakaa. Imetobolewa kwa bisibisi."

Bisibisi, Jeska!

Nyangi akabisha. Gari linalalaga ndani ya geti, na jana mgeni alikuwa kaka yake Yusto tu.

Hapohapo simu ikaita. Yusto, kutoka Butiama. "Pole na sili, dada. Pumzika tu, kikao tutamalizia sisi."

Pole na SILI. Na Nyangi hajamwambia mtu yeyote zaidi yangu na fundi kwamba gari limeharibika.